Siku Tano za Turkmenistani

Mdogo wangu alipoamua kuvuka Asia kwa pikipiki, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mimi, wala hakutaka ushauri wangu. Alitaka nimpangie mipaka. Nilikuwa nikifanya kazi wizarani, kule Maskati, na kazi yenyewe ilikuwa kupanga safari za wakubwa: nani anaondoka lini, viza ipi itangulie ipi. "Unawapangia watu usiowapenda," aliniambia. "Nipangie na mimi."

Nikampangia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kwa miezi minne nyumbani kwetu Qurum hapakuliwa chakula mezani, kwa sababu meza ilikuwa imetandikwa ramani. Mama alitulisha jikoni huku akinung'unika. "Nduguyo ushampangia mipaka mitano," aliniambia, "na wewe je, mume utajipangia lini?" Nilikuwa na miaka thelathini na sita na maneno hayo nilikwisha kuyazoea.

Kupanga mipaka si mchezo. Kila nchi ina siku yake ya kulala. Sisi wakati ule tulipumzika Alkhamisi na Ijumaa, Wairani Ijumaa, na huko mbele walipumzika Jumapili. Meli ya kutoka Sharja kwenda Bandar Abbas iliondoka ilipopenda. Pikipiki nayo ilikuwa na kijitabu chake cha forodha, kama pasipoti: inapigiwa muhuri ikiingia nchi, inapigiwa ikitoka. Lakini kizito kuliko vyote kilikuwa Turkmenistani. Walitoa viza ya kupita tu, siku tano, na tarehe zake zimeandikwa. Ukifika mapema unangoja nje. Ukichelewa, siku zako zimekwenda na maji. Barua zangu kwa ubalozi wao Abu Dhabi zilijaza faili zima. Viza ilipotoka niliibusu. Sijapata kubusu karatasi nyingine maishani.

Tarehe zile tano nilizizungushia wino mwekundu, na safari nzima nikaipanga kwa kuzifuata.

Siku ya kuondoka Mama alimsomea dua akampulizia kichwani kabla hajavaa helmeti. Siku alipoingia Iran, mimi nilikuwa hospitali na Mama. Alikuwa akilalamika tumbo tangu Ramadhani, nasi tukisema ni gesi. Daktari alinitoa nje ya chumba, akaniambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi.

Kwetu msafiri haambiwi. Aliye njiani akipiga simu anaambiwa sote wazima, na mengine atayajua akifika. Mama mwenyewe alipoletwa Omani kutoka Unguja, msichana bado, barua ziliendelea kumwambia babake mzima, kumbe marehemu alikwisha kusomewa hitma ya arobaini. Nilidhani desturi ile ingemchukiza. Wapi! Tulipokuwa garini tukirudi kutoka hospitali alinishika mkono. "Usimwambie nduguyo," alisema. "Mwache asafiri na moyo mmoja."

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno, na upesi ule ndio unaoniuma.

Siku ya kumi na moja alipiga simu kutoka Mashhad, mji wa mwisho mkubwa kabla ya mpaka wa Turkmenistani. Siku ya kwanza ya zile tano ilikuwa keshokutwa. Mama alikuwa amelala kwenye kochi, hatua mbili kutoka kwenye simu, macho wazi. Sauti yake ilikwisha kuwa nyembamba. Alinipungia mkono kwamba hatazungumza. Angesikika tu, angejulikana.

"Dada, nipe Mama."

"Kalala."

"Saa hizi?"

"Kachoka. Walikuja wageni."

"Roho yangu haijatulia, dada. Nna hamu ya kurudi, wala sijui kwa nini. Niambie rudi, nnarudi leo."

Niliitazama ramani. Kutoka Mashhad hadi Bandar Abbas, kisha meli, kisha barabara mpaka mlangoni kwetu: siku tano, sita akiikosa meli. Nilijua, kwa sababu njia ya kurudi pia niliipanga mimi. Nikautazama ule wino mwekundu.

"Viza ile huipati tena," nikamwambia. "Nenda zako. Sote wazima."

Nilipoweka simu, Mama aliniuliza taratibu, "Hakusema ataka kurudi?"

"Hakusema. Ana furaha."

"Alhamdulillahi," alisema, akageukia ukutani.

Nimejitetea miaka mingi. Nimesema nilitii amri ya mzazi, na radhi ya mzazi si kitu cha kuchezea. Lakini mtu anayetaka amri yake itiiwe haulizi swali kama lile. Mama alikuwa amebadili moyo, akaona haya kusema, na mimi nilimwelewa palepale. Sikutaka miezi yangu minne ipotee. Hiyo ndiyo kweli, na ni ya aibu.

Mama alifariki siku ya nane baada ya simu ile. Alizikwa kabla ya Laasiri, na aliyeingia kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe, alikuwa mjomba wetu. Siku ya tatu ya msiba mdogo wangu alipiga simu kutoka Bukhara, ng'ambo ya Turkmenistani, sauti imejaa kicheko, kunieleza jinsi mpaka ulivyokwenda vizuri. Nilimwacha amalize kwanza, ndipo nikamwambia, na kwamba Mama ndiye aliyekataza aambiwe.

Pikipiki hakuweza kuiacha kule kwa sababu ya kijitabu chake, na ili arudi nayo alihitaji viza nyingine ya kupita Turkmenistani, akaingoja wiki nyingi Tashkent. Alifika nyumbani arobaini imekwisha kumpita, kama ya babu ilivyompita mamake zamani.

Alikaa kwenye meza ile, sasa tupu, amekonda, akakifungua kijitabu cha pikipiki mbele yangu ukurasa kwa ukurasa. Kila muhuri ulikuwa mahali pake.

"Mama mwenyewe ndiye aliyetaka nisirudi, sivyo?"

"Ndiye."

Akaitika kwa kichwa polepole, akaweka kidole juu ya muhuri wa Turkmenistani. "Ratiba yako, dada, haikukosea hata siku moja. Ningechelewa kidogo tu pale Mashhad, wangenirejesha."

Alikuwa akinishukuru.