Doa Jeupe Kifuani pa Mama Judy

Phoebe Nafula alikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo bandarini, lakini mtaani kwao Mtopanga walimjua kwa kamera yake ya filamu, ile ya kizamani ambayo mtu huchungulia kidirishani na kuzungusha lenzi taratibu mpaka taswira mbili zikutane ziwe moja. Aliipata kwenye mitumba ya soko la Kongowea, akaipenda kama mwana.

Kanisa lao lilipobatiza watu baharini, picha alipiga yeye. Filamu ilipotoka kusafishwa, karibu kila picha ilikuwa na doa jeupe katikati. Kwa Mama Judy, muuza mahamri, doa lilimkaa kifuani barabara.

"Huyu ni Roho mwenyewe!" Mama Judy alipaza sauti, machozi yakimlenga. "Nitolee kubwa niitundike sebuleni!"

Phoebe alitabasamu kwa shida. Mkobani alikuwa na picha nyingine ya filamu ileile: mbuzi wa jirani yao Thoya, amesimama juu ya jaa, na doa lilo hilo ubavuni.

Shoga yake Sidi, mwalimu wa chekechea, alipoiona alicheka hadi akaketi chini. "Kumbe hata mbuzi wa Thoya kaokoka!"

"Usicheke, Sidi. Nimemharibia mwenzangu siku yake."

Alidhani kamera ina ufa. Akaziba kila upenyo kwa utepe mweusi, akapiga tena, doa likabaki. Ndipo alipoinua filamu dirishani akaitazama kwa makini.

"Mwanga wa ufa ungemwagika hadi ukingoni mwa filamu, kwenye vitundu vyake," alisema. "Huu haukuvuka mpaka wa picha. Tena nikilipa jua kisogo, haupo. Umeingia kwa mlango wa mbele, kupitia lenzi."

Akafungua mgongo wa kamera tupu, akashikilia kitufe ili pazia la kuzuia mwanga lisijifunge, akaelekeza lenzi kwenye anga na kuchungulia kwa nyuma. Kooni mwa lenzi pete ilimeremeta kama sufuria mpya: rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka, nayo ikiurusha mwanga kwenye filamu.

"Nimemshika!" alipiga kelele.

Sidi alileta masalio ya rangi ya ubao wa shule, nyeusi isiyong'aa. Phoebe akaipaka ile pete kwa ncha ya kijiti, akaiacha ikauke. Filamu iliyofuata ilitoka safi.

Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe. Mama Judy alisikiliza, mkono kiunoni.

"Roho ninaye, awe pichani asiwe," alisema mwishowe. "Lakini gauni langu jipya halikuonekana! Twende ukanipige tena."

Jumamosi wakateremka ufukweni. Mama Judy alisimama majini, kidevu juu, kama bibi harusi. Phoebe alipobonyeza tu, wimbi likamjia Mama Judy kwa nyuma likamchapa mgongoni. Kilemba kikaruka, naye akaangua kicheko, kinywa wazi hadi gego la mwisho, na Phoebe akabonyeza tena.

Hiyo ndiyo picha Mama Judy aliyoitundika sebuleni.