Wimbo wa Ngollo Mashineni

Pikipiki niliyokodi Tabora mjini ilikata mnyororo kijijini Ntalikwa. Dereva akaisukuma kwa fundi, nami nikakimbilia kivuli cha kwanza nilichokiona, banda la mashine ya kusaga. Nilikuwa nafuata njia ya zamani ya misafara na sikupanga kusimama hapo. Nilikaa juu ya gunia, nikasimama, nikakaa tena.

Msagaji alizima injini ipoe. Kabla masikio yetu hayajazoea ukimya, akaanza kuimba kwa Kinyamwezi. Mama mmoja aitwaye Getruda, kwenye foleni ya kusagisha, akanitafsiria:

Babu alibeba pembe hadi pwani,
akarudi na kitambaa.
Baba alibeba tumbaku hadi ghalani,
akarudi na koti.
Mimi nimebeba...

Msagaji akajifuta unga kwenye nyusi. "Nimebeba nini?"

"Unga wetu. Washa mashine," akasema mmoja.

"Simu isiyo na chaji."

"Kitambi."

Walicheka. Yeye aliyajaribu maneno yao kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine, hata lile la kitambi. Kisha akanigeukia. "Na wewe mgeni? Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo. Mtani wangu. Babu zetu walifika kwenu na mizigo, mkawalaza nje. Toa neno, ulipe."

Nilisema "vumbi", akatikisa kichwa kwa huruma.

Huyu alikuwa Ngollo, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi la ngoma. Getruda alinieleza mambo yake kwa sauti ambayo Ngollo mwenyewe aliisikia vizuri. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na linaloshinda ni lile linalowavuta watazamaji upande wake. Kwa hiyo manju huficha wimbo. Huwapeleka wachezaji wake porini kuufundisha, na wapinzani huusikia siku yenyewe. Lakini Ngollo huuimba ukiwa mbichi, mbele ya yeyote aliyeleta mahindi. Mwaka jana wapinzani waliuimba wimbo wake kabla yake, na watazamaji wote wakahama. Kundi lilimwambia kwamba akirudia, atakabidhi usinga wa umanju, ule aliourithi kwa baba yake. Ngoma ilikuwa Jumapili hii.

"Si uufiche tu?" nikamuuliza.

"Nikiwa peke yangu unakuja nusu," alisema. "Nusu nyingine iko kwa mtu. Sijui ni nani, ndiyo maana nauliza wote."

Akaimba tena, akakwama palepale. Kutoka mwisho wa foleni mwanamke mwenye mtandio wa kijani akaudaka:

Mimi nimebeba majina yao,
natafuta pa kuyatua.

Hakuna aliyecheka. Ngollo aliweka mkono juu ya injini iliyokuwa bado ya moto, akauondoa haraka.

"Batuli," Getruda akaninong'oneza. "Kaka yake ndiye manju wa wapinzani."

Mlangoni alikuwa ameshasimama Samweli, msaidizi wa Ngollo katika kundi. Sijui alifika lini, ila alikuwa amesikia ya kutosha.

"Manju, shikamoo."

"Marahaba."

"Leo usiku kaka yake ataujua wote."

"Ataujua. Nusu ni ya dada yake."

"Basi tunga mwingine. Siku tatu zinatosha. Huu uache hapa hapa, sisi tutanyamaza."

Ngollo alitazama sakafu. Niliona midomo yake ikicheza, nikadhani anatafuta jibu. Alikuwa anaimba ule mstari.

"Siwezi kuuacha," alisema. "Batuli, njoo Jumapili uuimbe upande wetu."

"Kwenye kundi lako? Kaka hatanipa hata maji."

"Na mimi sitakubali," akasema Samweli.

Ngollo aliingia nyuma ya mashine, akatoka na usinga uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki usipate unga. Akampa Samweli kwa mikono miwili. Samweli aliupokea kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mtoto kwa dakika moja.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yake. Wimbo bado hauna kiitikio."

"Manju, kaka anaweza kukufukuza," Batuli akasema, akifunga gunia lake kwenye baiskeli yake, mahindi hayajasagwa.

"Atanifukuza akiwa ameshausikia."

"Na mahindi yangu?" akauliza Getruda.

"Samweli anajua kuwasha."

Ngollo akashika gunia kwa nyuma ili lisiyumbe, wakaondoka kwa njia ya mashambani, Batuli akisukuma. Nilitaka kuwafuata. Dereva wangu alikuwa ananiita, mnyororo umeshapona. Nikamwambia angoje, nikabaki na wale wanawake, wote tumegeuzia njia ile sikio moja tusikie wimbo, na Samweli, usinga kwapani, hakuthubutu kuwasha injini.