Mtoto Aliyechelewa Kushuka Mgongoni

Sisi tuliozaliwa vijiji vya upande wa Mhunze enzi zile, dunia tuliiona kwanza tukiwa mgongoni mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mama. Mama alikuwa na pamba ya kulima, mtama wa kupalilia, na jiwe la kusagia lililomngoja kila jua lilipochomoza. Shingo ya mtoto ikishakaza tu, alikabidhiwa dada yake. Hapakuwa na vigari vya kusukuma wala nepi za kufunga na kutupa. Palikuwa na mbeleko ya ngozi ya mbuzi, imepakwa samli na kusuguliwa mpaka ikalainika, ina kamba za kupitisha mabegani na kiunoni. Mtoto akikojoa, umekojolewa wewe. Unaendelea na mchezo wako wa mdako, unarusha kete na kudaka, na mgongo unakauka wenyewe kwa jua.

Mimi nilipewa mdogo wangu Masunga nikiwa na miaka kama minane. Alikuwa mtoto mnene, ana shanga nyeupe kiunoni na harufu ya maziwa yaliyochacha shingoni, harufu ambayo mpaka leo nikiipata kwa mtoto wa mtu nasimama nilipo. Baba alikuwa ameondoka mapema, Masunga akiwa hata hajajua kucheka. Alikwenda Geita na wanaume wengine kuchimba dhahabu ya Wazungu, akasema atarudi na blanketi na sufuria. Tukabaki na mama, na bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye boma.

Wenzangu mliokuwa walezi mnajua raha yake, hata kama mbele ya wajukuu tunajifanya tuliteseka. Mlezi hatumwi maji. Mlezi hashiki jembe. Ukoko wa chungu cha uji ni wake, kwa sababu mtoto hawezi kuutafuna. Na kubwa kuliko yote, mlezi haendi kufukuza ndege. Msimu mmoja kabla Masunga hajazaliwa nilipelekwa kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba la mtama, na sikuusahau. Unaamshwa kabla hakujapambazuka, hujanywa kitu, umande unakulowesha mpaka mapajani, halafu wanakuja wale kwelea kwa maelfu. Unapiga debe, unapiga kelele, unatupa udongo kwa kombeo mpaka jua linazama. Ukisinzia kidogo, Bibi anayaona mashuke matupu, na jioni unaitwa kwa jina la ukoo. Nilipowekewa Masunga mgongoni niliona nimeokolewa.

Alikua vizuri. Meno yalitoka bila homa. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "Abula", yaani Kabula, ndiye mimi, na mama alicheka mpaka akaacha kusaga. Basi mtama ulipoanza kukomaa, Masunga hajatimiza hata mwaka, nilimweka nyuma ya nyumba nikajisaidie. Niliporudi nilimkuta ameshika kinu kwa mikono miwili, amesimama, makalio yanatikisika, ananicheka.

Mlezi mwema angepiga vigelegele na kumwita mama. Mimi nilitazama kulia na kushoto. Kutoka mashambani nilisikia madebe yakipigwa. Mtoto anayesimama leo, kesho anatembea, na mtoto anayetembea hahitaji mtu wa kumlea kutwa nzima. Nilimbandua kwenye kinu kile nikamfunga mgongoni.

Nilijiambia ni mpaka mavuno tu. Mavuno yakapita, kikaja kiangazi, na kiangazi maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa asubuhi nzima na mtungi kichwani. Nikasema mpaka mvua. Mvua ikaja na majembe. Masunga akijinyonganyonga kushuka nilimpa kiazi cha kuchoma, akatulia. Baadaye hakujinyonganyonga tena. Alizoea. Mama akimpokea jioni na kumweka chini, aliinua mikono na kulia mpaka nimchukue, na mama, amechoka na pamba, aliniachia. Nami nilimpenda, msije mkadhani ulikuwa ujanja mtupu. Nilimwonyesha ndama, nilimtafunia karanga, niliongea naye kutwa. Kiuno kiliniuma na sikusema.

Ukaja msimu mwingine wa mtama. Watoto waliozaliwa naye walikuwa wanakimbiza kuku. Masunga alikuwa bado mgongoni, miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, na watu wakaanza kunong'ona. Jirani yetu, Mama Limi, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alikuja kutwanga kwetu akamtazama mtoto, akamtazama mama, akasema taratibu, "Huyu mtoto kabemendwa."

Vijana wa leo hawalijui neno hilo, wakilijua wanacheka. Sisi hatukulicheka. Mwanamke anayenyonyesha alitakiwa akae mbali na mwanamume mpaka mtoto atembee. Asipokaa, ilisemwa, maziwa yanaharibika na miguu ya mtoto inalegea. Watu waliliamini hilo kama walivyoamini mvua. Sasa baba alikuwa Geita, siku nyingi za kutembea. Ikiwa Masunga kabemendwa, mama alikuwa na nani?

Bibi kwanza alijaribu dawa aliyoijua. Alichimba shimo karibu na ghala, akamsimamisha Masunga ndani yake, akamfukia mchanga mpaka kiunoni ili miguu ijifunze kusimama. Asubuhi saba mfululizo. Masunga alifurahi sana. Alikaa mle ameegemea ukingo, anakula michembe ya viazi vikavu, anawapungia kuku mkono. Jua likipanda Bibi alimng'oa, akampangusa, akanipa. Nami nikamfunga mgongoni.

Asubuhi ya nane Bibi alimwita mama pale uani. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya ghala na Masunga, hawakunifukuza kwa sababu mlezi ni sehemu ya mtoto.

"Mama Kabula," Bibi alisema, "sikuulizi ni nani. Sitaki kumjua. Mwezi ukiandama utakwenda kwa baba yako. Mwanangu akirudi ataamua mwenyewe. Watoto wanabaki."

"Mama, sijamwona mwanamume tangu mwanao aondoke."

"Miguu ya mtoto inasema vingine."

 Mama alirudi kwenye jiwe lake akapiga magoti akasaga. Nilimfuata kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye unga naye anaendelea kusaga juu yake, na bila kunitazama akaniita mayu, yaani mama, kama mtu anavyombembeleza binti yake, akasema, "Kabula, mayu. Nikiondoka, uji wake usiwe mzito. Na usimtue. Hapa watamwita mbovu, watamwacha juani. Anayempenda ni wewe. Usimtue mgongoni, mwanangu."

Nimepigwa mara nyingi katika maisha yangu, na walimu, na wakubwa, na marehemu mume wangu mara moja nikamrudishia. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale.

Zilibaki siku chache mwezi uandame. Nilimchukua Masunga mpaka nyuma ya kichuguu, nje ya ua wa minyaa, nikamtua. Alilia. Nikakaa mbali kidogo na karanga za kukaanga mkononi, nami nalia. Siku ya kwanza hakuondoka pale nilipomweka. Siku ya pili alisota kwa makalio. Siku ya tatu aliinuka kwa kushika kichuguu, kwa sababu miguu haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa yangu. Siku ya tano alipiga hatua tatu akaniangukia kifuani, akachukua karanga zake, akataka kubebwa. Nilikataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia kitu.

Mwezi ulipoandama, asubuhi yake mama alikuwa ameshafunga kaniki zake mbili kwenye furushi. Mama Limi alikuwepo, asingekosa. Nilimtua Masunga kwenye mlango wa zizi, mbele yao wote, akayumba, akajipanga, akatembea mpaka kwenye magoti ya mama. Alianguka mara mbili njiani. Mama alimkamata akakaa chini palepale, furushi likabingirika.

Bibi alitabasamu. "Shimo hilo," alisema. Mama Limi akakubali, shimo kweli. Kisha Bibi akageuka kwa mama, na uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Tumshukuru aliyeijaalia dawa. Lakini kama amepona, basi alikuwa mgonjwa. Safari iko palepale."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani akitembea yamekwisha. Nilisimama pale na mgongo mtupu, nikasema, "Bibi, Masunga hakuwa mgonjwa. Alisimama kwenye kinu tangu mtama wa mwaka jana. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Ulimzuia kwa nini?"

"Niliogopa ndege."

 Mama Limi alikumbuka ana chungu jikoni kwake, akaondoka bila kuaga, na kwa mara ya kwanza alikuwa na habari asiyoitaka. Bibi alimshika Masunga mkono akampeleka kwenye kinu. Masunga akakishika kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.  Halafu Bibi alilichukua furushi la mama, akalifungua, akazikunja kaniki moja moja, akazirudisha ndani ya nyumba. Akatoka, akaenda kwenye jiwe la mama, akapiga magoti na uzee wake wote, akasaga mtama wa mama mpaka ukaisha. Kwetu mama mkwe hakuwa na maneno ya kumwomba radhi mkaza mwana. Kumsagia unga ilikuwa zaidi ya maneno, na boma zima lilielewa. Mama alisimama kando, hakujua aiweke wapi mikono yake.

Mimi hukumu yangu ilikuwa fupi. Kesho yake dunguni.

Baba alirudi baada ya mavuno na blanketi, sufuria akasahau. Hakuna aliyemweleza mambo yale, na kama alisikia kwa Mama Limi hakuonyesha. Masunga mwenyewe alikuja kutushinda sote kwa kutembea. Alikwenda Isaka, alikwenda Geita kwenye migodi kama baba, akarudi kwa miguu akidai gari linamchosha.

Wajukuu zangu sasa wanazaa hospitali na ninamshukuru Mungu, kwa sababu tulizika watoto wengi mno enzi zile, na anayesema zamani yote ilikuwa nzuri amesahau au hakuwepo. Kadi zao zimeandikwa mtoto asimame lini na atembee lini. Mjukuu wangu mmoja ana kigari cha magurudumu cha kumfundishia mwanawe kutembea, mtoto anakaa ndani yake anagongana na viti, mama yake anatazama televisheni. Nikimwambia ambebe anasema mgongo unamuuma, na yeye ana miaka ishirini na mitano. Anajua uzito wa mtoto wake kwa kilo na gramu. Mimi wa Masunga niliujua kwa kiuno, nikifumba macho ningekwambia jana alikula vizuri au hakula. Hakuna atakayemnong'oneza mjukuu wangu kwa miguu ya mtoto, na hilo ni jema kupita kiasi. Hakuna pia atakayemsagia unga.

Lakini nikisema naitamani zamani, sitamani dungu wala shimo wala jiwe. Natamani asubuhi moja. Ni asubuhi ile ya hukumu, hakujapambazuka vizuri, natoka mlangoni na debe langu. Mama alikuwa amesimama uani na jembe. Nilijua nitachapwa njiani, mbali na Bibi. Badala yake aliinama mbele yangu akasema, "Panda."

Nilikuwa karibu na miaka kumi. Miguu yangu iliburuza umande. Tuliipita minyaa, tukakipita kichuguu, mpaka nikashindwa kuvumilia nikamuuliza masikioni, "Mayu, umenikasirikia?"

"Sana," alisema, akanirusha juu kidogo nikae vizuri, akaendelea kutembea.