Pilau ya Ufunguzi

Mimi nashona kwenye baraza ya duka la zamani la vitambaa, Korogwe mjini, ng'ambo tu ya soko. Asubuhi jua linapochomoza hupenya katikati ya magauni niliyoyatundika, na baraza nzima inageuka rangi, utadhani tumekaa ndani ya papai. Mguu unakanyaga, sindano inaimba, na mimi naondoka zangu: nina duka langu, nina kioo kirefu, mabibi harusi wanajigeuzageuza mbele yake.

"Rudi, mwanangu," fundi mwenzangu huniambia. "Mfuko wa shati umeuweka mgongoni."

Yeye ni mama mtu mzima wa Kwashemshi. Ndiye aliyenifundisha kushika mkasi.

Mwaka jana kijana mmoja kutoka Dar akalipanga lile duka. Viatu vyeupe, sauti ya upole, shikamoo kwa kila mama. Akaniagiza mapazia mekundu ya kuziba madirisha yote. Sikuwahi kupata kazi kubwa namna ile! Nilishona huku nikiyaona yakipepea kama ya ikulu.

Kisha lori likaja, likashusha mashine za dubwi, zile za kamari zenye taa za kumetameta. Ndipo tukaelewa mapazia yanaziba nini.

"Na vyerehani itabidi vihame," kijana alisema, macho chini. "Wateja watahitaji njia."

Nilikuwa sina baraza nyingine duniani.

Mkutano wa mtaa ulichemka. Mama anayeuza nyanya sokoni alisimama na kanga yake begani. "Mume wangu akiuza mahindi, ataishia mlangoni pale. Nyumbani atafika na hadithi!" Mzee mmoja akauliza kama mashine nazo zitasimama wakati wa swala, watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

"Ndugu zangu, nimewasikia," alisema akijifuta jasho. "Lakini kibali kimeshatoka huko juu. Mnataka nifanyeje?"

Tukarudi makwetu wapole.

Sasa, huku kwetu mtu akifungua biashara hupika. Majirani wanakuja, dua inasomwa, watu wanakula. Ukila cha mtu siku hiyo umemwambia: tumekupokea, Mungu akubariki. Kijana akaleta mchele na mbuzi, akamwomba fundi mwenzangu asimamie jiko. Nilidhani atamtimua.

"Jirani akiniomba nimpikie, nampikia," aliniambia. "Kula ni habari nyingine."

Ijumaa, swala ilipokwisha, harufu ya pilau ilikuwa imeshafika stendi. Watu walijaa kwenye mikeka, baraza ikafurika mpaka barabarani. Masinia yakatengwa, mvuke ukipanda polepole kama ukungu wa milimani.

"Karibuni," kijana akasema.

Hakuna mkono uliosogea.

Akacheka kidogo. "Karibuni jamani, kitapoa."

Tumbo langu likanguruma, baraza nzima ikasikia.

"Tulia na wewe," fundi akaninong'oneza.

"Si mimi, mama. Ni tumbo."

Kijana akamgeukia. "Mama, kwani haijaiva?"

"Imeiva, baba. Hata mimi naitamani."

"Sasa?"

"Sasa hii ni ya ufunguzi. Tukila, tumekubali."

Akakaa kwenye kiti changu cha kushonea. Nilimwonea huruma, jamani. Akasema mama yake yuko Kwedizinga, kule Handeni, na jioni akipiga simu atauliza jambo moja tu: majirani walikula? "Nimjibu nini?"

"Mwambie tulikuja wote," fundi alisema. "Maana tumekuja."

Nzi mmoja akatua kwenye mnofu. Kijana akamfukuza kwa mkono, akazitazama mashine zake zilizopangwa mle ndani, taa zake bado hazijawashwa. Akaitazama mikono yetu iliyotulia mapajani.

"Basi," alisema mwisho. "Si ya ufunguzi tena. Kuleni tu."

"Sema vizuri," mama wa nyanya akadakia. "Tusije tukala halafu ukatugeuka!"

"Sifungui, mama. Wallahi hapa sifungui."

Loo! Bismillahi ilisemwa na mikono iko tayari ndani ya sinia. Kijana naye akateremka mkekani, na mimi nikamsogezea mnofu ule mzuri. Alikula vizuri tu, kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Lori lilikuja tena kuchukua mashine. Nilimkunjia mapazia yake nikampelekea.

"Baki nayo, dada," akasema. "Nitayafungia nini?"

Duka bado tupu, sijui nani atalipanga. Ila mvua ikianza tunavuta lile pazia jekundu juu ya vyerehani, tunajibanza chini yake sote wawili. Mwanga ukilipenya tunakuwa wekundu usoni, na mimi nakiona tena kioo changu kirefu, na bibi harusi anageuka.

Siku hizo fundi haniambii nirudi. Naye anaangalia mvua tu.