Pikapu Nyekundu Juu ya Dodani

Aibu yangu Cibitoke yote inaijua, na mama muuza mkaa wa mtaa ule akiniona tu anatafuta pa kukaa ili acheke vizuri.

Mi ni fundi wa magari. Pikapu aliyoniachia marehemu baba (imenizidi umri) niliifanya upya kwa mikono yangu, nikafupisha bodi, nikatoa boneti ili injini kubwa niliyoitoa kwenye lori bovu ionekane, nikaipiga rangi nyekundu, basi jioni moja kabla ya kwenda na mahari kumwomba mchumba wangu Nadine kwao nikaitazama nikaona bado imesimama juu mno, nikakata springi kidogo tena ilale chini. Shangazi alinikumbusha kwamba kesho ndiyo itabeba vinywaji, nikamwambia ufundi aniachie mimi. (Kiburi si maungwana, najua.)

Kesho yake nikaja nanguruma, nimevaa koti, makreti ya bia nyuma, shangazi pembeni, na karibu kabisa na lango la wakwe kuna dodani, tuta la kupunguza mwendo, ambalo nilikuwa nimelivuka bila shida pikapu ikiwa tupu. Tumbo la pikapu likakaa juu ya tuta. Matairi yakazunguka bure, moshi wote ukaingia kwenye hema la wageni. Nikataka tushushe makreti, shangazi akakataa katakata: vinywaji vya kuomba msichana haviwekwi kwenye vumbi wakwe wakiangalia. Na kwetu bila kinywaji hakuna anayefungua mdomo, kwa hiyo wazee walikaa kimya wakinitazama, nami nikaona Nadine ananiponyoka hivi hivi.

Nikaingia chini ya gari na koti langu. Nilipotoa kichwa, baba yake Nadine alikuwa amechuchumaa anaangalia injini.

"Hii yote ulitengeneza we peke yako?"

"Ndiyo, baba."

"Mutu mwenye alitengeneza hii hawezi kushindwa na nyumba. Ita watu yako, na mi niite yangu, tuinue."

Koo mbili zikainua pikapu kwa mikono, na makreti yake, na shangazi aliyekataa kushuka. Tulipokaa kunywa kila mtu ana grisi vidoleni, na maneno ya kuomba yakawa mafupi, maana tulishazoeana barabarani.

Springi ndefu nimezirudisha, na naapa sitakata chuma tena kwa ajili ya kujionyesha. Nadine amekubali tuipande siku ya harusi, ila kwa sharti lake: kila dodani atashuka na gauni lake, avuke kwa miguu, nami nimfuate polepole.