Vibanda vya Udongo Juu ya Kanisa Kuu

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Kanisa la misheni la Masasi lilipochomwa moto katika vita vya Maji Maji, ni yeye aliyelijenga upya. Alilijenga kwa mawe ya milima yetu, na kwa udongo uliokandwa na wanawake, mimi nikiwa mmoja wao. Kazi ilichukua muda mrefu, maana baada ya vita ilikuja njaa, na mwenye njaa habebi jiwe.

Lilipokwisha kuezekwa, padre wetu mzee alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akamwambia mume wangu, "Fundi, nimezeeka, narudi kwetu Ulaya. Njiani nitapita Yerusalemu na kundi la mahujaji. Rafiki zangu wa Ulaya wameniuliza wakupe zawadi gani kwa kazi hii. Nimewaambia wawalipie nauli, wewe na mkeo, mkaone mahali yalipoanzia haya yote."

Mume wangu akauliza, "Kuta za huko bado zimesimama?"

"Zimesimama."

"Basi tutakwenda."

Watoto tuliwaacha kwa mama mkwe wangu kule Lulindi, tukashuka Lindi kwa miguu. Kule bomani ilitubidi tupate cheti cha kutoka katika nchi. Afisa wa Kijerumani alimtazama mume wangu juu mpaka chini, akasema maneno kwa lugha yake, na karani akatafsiri: "Bwana Mkubwa anauliza, mwashi anakwenda Yerusalemu kufanya nini?"

"Mwambie nakwenda kuangalia kuta."

Karani alisita, akidhani ni utani. Lakini alipotafsiri, yule afisa alicheka peke yake, akagonga muhuri.

Habari za meli sitazisimulia sana, kwa kuwa siku nyingi nilikuwa nimelala chali nikimwomba Mungu anirudishe nchi kavu, popote pale, hata pasipo na mtu. Pamoja na Padre tulibadili meli Unguja, tukapita Adeni penye joto la tanuri, tukaingia katika ule mfereji wa Misri ambamo meli hupita katikati ya mchanga kama mtu anayepita uchochoroni. Huko mwisho wa mfereji tulikutana na mahujaji wenzetu, Wazungu tisa, wake kwa waume. Bibi mmoja mwenye kofia pana alipotuona alinikabidhi mkoba wake na mwavuli. Nilivipokea. Nilikuwa nimezoea, na wala sikuona ubaya. Tulipokwisha kutembea hatua chache Padre aligeuka, akaona, akarudi. Aliutoa ule mkoba begani mwangu polepole, akamrudishia mwenyewe. Alisema naye kwa Kiingereza, lakini baadaye alinieleza alilosema: "Mama huyu ni hujaji kama wewe." Yule bibi aliiva uso kama pilipili. Siku nzima hakunitazama.

Mji wa Yafa hauna gati. Wapiga makasia walitudaka kutoka melini kama magunia, wakatupitisha kati ya miamba huku wakipiga kelele, kisha tukapanda gari la moshi, na jioni tukawa Yerusalemu. Kilichonishangaza kwanza hakikuwa kuta, kilikuwa maneno. Masikio yangu yalianza kuyaokota barabarani: kitabu, sabuni, kahawa, saa, kaburi. Nikamwambia mume wangu, "Hawa wanasema Kiswahili kilichovunjika."

Padre alicheka. "Huenda nao wanasema hivyo hivyo juu yako."

Tulikwenda Bethlehemu kwanza. Mlango wa kanisa la pale ni mfupi, hata mtu mkubwa hawezi kuingia bila kuinama. Mume wangu, aliyekuwa mrefu kuliko sisi sote, alikaribia kutambaa. Alipokwisha kuingia alisimama wima akaziona nguzo, safu baada ya safu, nyekundu zilizong'aa kwa kuguswa na watu, na akasahau kuvua kofia mpaka nilipomvuta shati. "Jiwe moja moja," alininong'oneza. "Kila nguzo ni jiwe moja. Walilisimamishaje?" Kule chini pangoni, mahali alipozaliwa Bwana, watu walipiga magoti na kulia. Mimi nilibaki nimesimama, nikiogopa hata kupumua kwa sauti.

Siku iliyofuata tuliingia katika kanisa kuu lenye kaburi la Bwana. Ndani mna giza, taa za mafuta zimening'inia kama matunda, na watu wa kila kabila wanasali kila mmoja kwa sauti yake. Mwongozaji wetu, Mwarabu Mkristo mwenye kofia ya tarbushi, alieleza habari za jengo, naye Padre akatutafsiria. Alisema kanisa hili lilichomwa moto na maadui, likajengwa. Likabomolewa mpaka kwenye mwamba, likajengwa. Likatikiswa na matetemeko, likaungua tena, likajengwa tena.

"Muulize," alisema mume wangu, "yamekuwa hayo mara ngapi?"

Mwongozaji alianza kuhesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya, mwisho akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Mume wangu aliketi pale pale chini, mgongo kwenye nguzo, wenzetu wakidhani ameugua. Nikainama kwake.

"Mke wangu," alisema, "mimi nilidhani ni sisi tu tuliochomewa."

Tulipokuwa tunashuka ngazi za kwenda kwenye kanisa dogo lililo chini ya lile kubwa, mwongozaji alimulika ukutani. Ukuta mzima, kulia na kushoto, umechongwa misalaba midogo, mamia kwa mamia, imepangwa karibu karibu kama mbegu za ufuta. Mwongozaji alisema ni mahujaji wa zamani waliochonga, kila mtu wake. Mume wangu alipitisha kidole juu ya mmoja, akapitisha juu ya wa pili, wa kumi, wa ishirini. Akatikisa kichwa.

"Si watu wengi hawa. Huu ni mkono mmoja, na patasi moja. Tazama jinsi anavyomalizia pembe, anaigeuza patasi hivi. Alikuwepo fundi hapa. Watu walimjia, wakamwambia nichongee na mimi."

Mwongozaji alicheka aliposikia. Kisha akaileta taa karibu na ukuta, akatazama, akaacha kucheka. Alimshika mume wangu bega, akamwita neno nisilolijua, na tangu hapo akawa anamtanguliza mbele ya kundi zima. Mume wangu alibaki nyuma hata hivyo. Alikuwa ameweka kiganja chake chote ukutani, kama anayemgusa mgonjwa kujua kama ana homa, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Baada ya hapo tulipandishwa ngazi nyingine, za nje, tukatokea juani. Padre alisema, "Sasa tuko juu ya paa la lile kanisa tulilolipita."

Nilitazama, nikadhani jua limenichezea. Mbele yetu palikuwa na kijiji. Vibanda vya udongo, vifupi, vimepakwa chokaa, na milango ya mbao ambayo mtu huiingia kwa kuinama. Uwanja umefagiwa. Na mlangoni pa kibanda kimoja ameketi mzee mweusi kama baba yangu, amevaa nguo ndefu na kilemba, ananong'ona sala juu ya kitabu kikubwa kilichokunjika kingo.

Mume wangu alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kibanda, akaukwaruza kwa ukucha. "Udongo na majani makavu," alisema. "Kama wetu."

Padre alituambia kuwa hao ni watawa wa Uhabeshi, wamekaa Yerusalemu kwa mamia ya miaka. Waliponyang'anywa nafasi yao ndani ya kanisa hawakuondoka, walipanda wakakaa juu ya paa.

"Padre," nilimuuliza, "na hawa walibatizwa na Wazungu gani?"

Alinitazama, akatabasamu kwa namna niliyoiona mara chache kwake. "Hawakubatizwa na Wazungu, mama. Hawa walikuwa Wakristo wakati babu zangu mimi walipokuwa bado wanaabudu miti."

Nilipiga magoti mbele ya yule mzee. "Shikamoo, baba," nilisema, maana sikujua namna nyingine ya kumheshimu. Alinijibu kwa lugha yake, mkono kifuani, kisha akaingia ndani akatoka na mkate mpana na kibuyu. Akaumega, akatupa vipande. Nilipotaka kula nikashindwa, nikaanza kulia, si kwa sauti, lakini machozi hayakukatika. Mume wangu alinisogelea.

"Una nini?"

"Namkumbuka kaka," nikasema.

Kaka yangu wa tumbo moja alikunywa ile dawa ya maji ya kuzuia risasi, akawa mmoja wa wapiganaji wa Maji Maji. Asubuhi aliyoondoka kwenda kujiunga na wenzake alipita kwangu Masasi kunionya nikimbie. Mimi nikamsihi asiende. Akaniambia, "Dada, mmejivika dini ya Wadachi. Siku wakiondoka mtabaki uchi." Nilimweleza kuwa mapadre wetu si Wadachi, yaani Wajerumani, ni watu wa taifa jingine, lakini kwake Wazungu wote walikuwa kitu kimoja, na zaidi ya hapo sikuwa na la kumjibu. Alikufa vitani. Hatukujua hata mahali alipozikwa, kama alizikwa. Neno lake likabaki kwangu miaka yote ile, nikiimba kanisani nalisikia, nikikanda udongo wa kanisa nalisikia. Na sasa nilikuwa nimepiga magoti juu ya paa, mbele ya mzee mwenye rangi yangu, ambaye watu wake wamelishika jambo hili tangu zamani zisizohesabika, na hakuna aliyewavika.

 Aliketi kando yangu chini, tukala ule mkate mpaka ukaisha.

Pale pale pembeni mwa paa kuna mlango mdogo, na ngazi zinazoshuka gizani. Mwongozaji alituwashia mishumaa, akasema tushuke taratibu maana mawe yana utelezi. Wengi walikataa. Nilishuka mimi, mume wangu, na yule bibi wa kofia pana. Tulishuka, tukashuka, baridi ikatupokea, na mwisho nuru ya mshumaa ikagusa maji. Maji! Ziwa zima limo ndani ya mwamba, chini ya kanisa, jeusi na tulivu, na ng'ambo yake haionekani.

Lazima nieleze, kwa asiyekujua kwetu. Mimi nilizaliwa Newala, juu kabisa kwenye uwanda, ambako mchanga humeza mvua papo hapo. Msichana wa Newala anajua njia ya kushukia mtoni kabla hajajua jina la babu yake. Tulikuwa tukishuka na vyungu alfajiri, tukipanda jua likiwa limeshachoma, na maji yale tuliyaoga kwa vidole tu. Nilipoyaona haya, mengi hivi, yamewekwa na watu waliochimba mwamba kwa mikono yao ili mwenye kiu asikose, nilimpa mume wangu mshumaa wangu. Nikaketi kwenye ngazi ya mwisho nikatia mkono.

Bila kufikiri nikaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa kanisani, ulikuwa ule wa wanawake wa kwetu wanapopandisha maji mlimani, Kimakonde kitupu. Na pango likanijibu. Sauti yangu ilikwenda, ikagonga mbali, ikarudi ikiwa nyingi, kama wanawake ishirini wanaopanda nyuma yangu na vyungu vyao. Nikaimba ubeti mwingine, wakanijibu tena. Nilisikia mkono ukitafuta wangu gizani. Nilidhani ni mume wangu, kumbe ni yule bibi. Tulishikana hivyo mpaka mwangwi wa mwisho ukazimika, na tulipopanda juu mwongozaji alikuwa amevua tarbushi yake.

Padre tuliagana naye bandarini. Yeye alikwenda Ulaya, nasi tukarudi kusini, na hatukuonana tena.

Nyumbani watu walijaa kanisani kumsikiliza mume wangu. Alisimama mbele, akafikiri, akasema, "Ni kweli. Kila kitu kipo." Akaketi. Watu walikasirika, wakanitaka mimi, nami nikasema mpaka koo likakauka.

Baada ya wiki mbili nilipanda Newala kumwona mama. Hakuwa Mkristo, na hakupenda habari za misheni, lakini alinisikiliza akiwa anapura mtama, hakunikatiza. Nikamweleza habari za mzee wa paani na vibanda vyake. Nikamwambia, "Mama, lile neno alilonitupia kaka, sasa nina jibu lake. Angekuwa hai ningemwambia kuna watu weusi walioishika dini hii kabla Wadachi hawajazaliwa."

Mama aliacha kupura. "Unamjua kaka yako," alisema. "Angekuuliza: mbona basi hawakuja wao kutuletea?"

Ilikuwa sauti yake hasa, kaka mtupu, hata namna ya kuinua kidevu. Kicheko kikanitoka, na mama naye akacheka, akashika mbavu, kisha wote wawili tukajikuta tunalia, tumekumbatiana juu ya mtama, kilio tulichokuwa tumekiweka tangu vita. Tulikaa hivyo mpaka majirani waliposikia wakaja mbio wakidhani pana msiba, na walipojua ni mimi nimerudi wakaketi, wakataka kwanza niwaeleze meli inakwendaje bila kuzama.