Karani na mbuzi ya marehemu

Jirani yangu ni karani wa utawala, katokea Inhambane, huko kusini mwa Msumbiji. Hata siku ya Natal, Krismasi yao, havui shati la ofisini, hukunja mikono tu. Kuku wake huniletea nichinje mimi, ili nami niweze kula. Humbeba kwapani kama faili, na nikishika kisu hugeukia ukutani, akawa anamwomba kuku radhi, "Desculpa, desculpa," mpaka nimalize. Chakula kikiiva huniletea. Tangu nimzike mke wangu sahani nairudisha na kawa yake, sijaigusa, naye haniulizi.

Natal hii kaja kuazima mbuzi ya marehemu. Anataka kupika wali wa nazi, ule aliokuwa akipelekewa na marehemu. Akaikalia uani kwao, magoti juu, nazi imemrukia mpaka kwenye miwani. Mkewe, Dona Hermínia, kajilaza mkekani na redio yake. "Baba we, hiyo si baiskeli!" Akacheka na yeye, huku anakuna. Tui zito, ambalo hutiwa mwisho, akalitia mwanzo. Nimeona, nikamwacha. Wali ukashika chini, ua mzima moshi. Akanipakulia wa juu, ule mweupe. "Babu, umeungua. Lakini onja."

"Huo sitaki," nikamwambia. "Nipe ukoko. Marehemu alikuwa akiniwekea."

Akakwangua sufuria kama mtu anayetoa kutu. Nikala. Nilipomrudishia sahani, akaichungulia, akaigeuza chini juu, kama anatafuta muhuri.

"Ukoko umebaki?" nikamuuliza.